Aliyepona Ajali Hakupendwa Zaidi

Dominika ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Walipona 24, wakafa 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao. Waliowahi kufika ni wavuvi, kwa mitumbwi yao.

Huku kwetu, kati ya Makambako na Njombe, wanaopanda ndege ni wachache; ajali zetu ni za mabasi na bodaboda. Lakini ushuhuda katika misa za shukrani ni ule ule: “Wenzangu walikufa, mimi Mungu alinipenda.” Na pengine benchi la tatu amekaa mjane wa mmoja wa hao wenzake. Ayapokeeje maneno hayo?

Katika Luka sura ya 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Basi hata aliyepona hana haki ya kujiona mwema kuliko aliyezama. Shemasi anayeandaa homilia ya mazishi naye alikumbuke hilo, kabla hajakimbilia maneno matamu (tunayapenda mno, sijui kwa nini).

Kushukuru tushukuru. Ila wale wavuvi nao watajwe, kisha marehemu waombewe kwa majina yao, katika misa ile ile ya shukrani, mjane akisikia.