Jua Halijafunga Ulimi wa Mtoto Wako

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 dunia ilipigwa na dhoruba ya jua kubwa kuliko zote tangu Oktoba 2003. Wataalamu wa hali ya anga waliipa daraja la tano, la juu kabisa katika kipimo chao. Ulaya, Marekani na hata Mexico watu walitoka nje usiku kutazama mbingu zikiwaka rangi ya waridi na kijani. Sisi wa Afrika Mashariki hatukuona kitu. Jumapili yake, tarehe 12, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani, na kuunganisha mambo hayo mawili kukawa rahisi mno. Sababu ilikuwa nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ambazo zilikatika. Jua halikuhusika.

Tabia hiyohiyo ya kuunganisha visivyoungana imeingia kwenye malezi, na huko madhara yake ni makubwa kuliko kukosa intaneti kwa siku chache. Mtoto akianza kuongea mapema, utasikia kwamba watoto wa siku hizi wanazaliwa macho wazi, kuna nguvu mpya zinazotoka juani, kizazi hiki si kama chetu. Mtoto akifika miaka miwili hajaita hata mama, utasikia kwamba mimba yake iliangukia kipindi kile cha miale, au alizaliwa wiki ile jua lilipochafuka. Wanaosema hivi si watu wasiosoma. Wengi wana shahada, na ujumbe wanaousambaza kwenye makundi ya simu umepambwa kwa majina ya mashirika makubwa ya anga na maneno ya kisayansi. Nasema bila kumung'unya: imani hii ni ya uongo, na inawaibia watoto wetu miezi ambayo hawatarudishiwa.

Kwanza, si mpya. Bibi zetu wengi walikatazwa kutoka nje jua au mwezi unapopatwa wakiwa wajawazito, wasije wakazaa mtoto mwenye kasoro. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete juu ya Rujewa, wilayani Mbarali, na watu wakamiminika huko kutoka kila upande kulitazama kwa miwani maalumu. Leo hakuna mtu mzima anayesimama hadharani kudai kwamba watoto wa Mbarali waliozaliwa mwaka ule wana ndimi nzito. Lakini hofu ileile ikivishwa koti la dhoruba, miale na nishati, tunaipokea kwa heshima, kwa kuwa inazungumza lugha ya maabara.

Basi twende huko maabara. Kwa vipimo vya uso wa dunia, dhoruba ya jua ni tikisiko la sumaku. Hapa Dar es Salaam sumaku ya dunia ina nguvu ya takriban nanotesla 33,000. Dhoruba ile ya Mei 2024, kali kuliko zote kwa miaka 20, iliishusha sumaku ya ukanda wa ikweta kwa takriban nanotesla 400 ilipofikia kilele. Hiyo ni kidogo zaidi ya asilimia 1, kwa muda wa saa kadhaa. Mashine ya kawaida ya MRI hospitalini ina nguvu ya tesla 1.5, yaani nanotesla bilioni 1.5, ambayo ni zaidi ya mara 40,000 ya sumaku ya dunia tunayoishi ndani yake. Na wajawazito huingizwa kwenye mashine hizo daktari anapoona inabidi. Huko Ontario, Kanada, watafiti walipitia kumbukumbu za uzazi zaidi ya milioni 1.4 na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Watoto ambao mama zao walipigwa picha za MRI katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, bila kudungwa dawa ya kung'arisha picha, hawakuonekana kuwa na hatari zaidi kuliko wengine, na kupoteza usikivu kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Kama tumbo la mama linahimili sumaku ya namna hiyo, nanotesla 400 zitamfanya nini mtoto?

Wengine hukimbilia kwenye miale. Ni kweli kwamba jua likilipuka hurusha chembe zenye nguvu. Lakini juu ya kichwa cha kila mmoja wetu kuna hewa yenye uzito sawa na maji ya kina cha mita 10, na chembe hizo huishia humo. Isitoshe, sisi wa karibu na ikweta ndio tunaolindwa zaidi. Karibu na ncha za dunia sumaku imesimama wima na kuziachia chembe mlango. Huku kwetu imelala na kuzikatia njia, na zinazoweza kupenya ni zile tu zenye nguvu ya kupindukia. Laiti dhoruba za jua zingekuwa zinaharibu usemi wa watoto, tungeanza kuona balaa hilo Norway na kaskazini ya Kanada, kabla halijafika Morogoro.

Sisemi kwamba dhoruba hizi ni mchezo. Septemba 1859 ziliparaganya mitambo ya simu za maandishi Ulaya na Marekani. Machi 1989 ziliangusha gridi ya umeme ya Quebec, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa takriban saa tisa. Februari 2022 satelaiti za Starlink zipatazo 40 ziliteketea siku chache baada ya kurushwa. Rubani, nahodha na mpima ardhi anayetegemea GPS wana kila sababu ya kufuatilia hali ya jua. Angalia lakini ni vitu gani vilivyoathirika: nyaya za mamia ya kilomita ambazo mtikisiko wa sumaku huzitia mkondo wa umeme, na vyombo vilivyo nje ya blanketi la hewa. Mtoto wa sentimita 50 aliyelala kitandani si waya wa gridi wala si satelaiti. Wapo pia watafiti waliotafuta uhusiano kati ya mitikisiko hii na mapigo ya moyo au shinikizo la damu la watu wazima, na matokeo yao ni hafifu na yanapingana. Anayeyachukua hayo na kuyafanya ushahidi kuhusu ulimi wa mtoto anadanganya.

Na hata ukiyaweka kando mahesabu yote, liko jambo la kawaida kabisa ambalo mzazi yeyote analiona. Dhoruba hufunika dunia nzima kwa wakati mmoja. Haichagui nyumba. Katika mtaa mmoja wa Temeke utakuta watoto wawili waliozaliwa wiki moja, mmoja anasimulia, mwenzake yuko kimya. Jua lililowapita ni lilelile. Kilichowatofautisha kiko chini huku, na mara nyingi kinaweza kupimwa.

Kinaanzia kwenye sikio. Mtoto huanza kusikia akiwa tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho. Mwaka 2009 watafiti walirekodi vilio vya watoto 60 wenye umri wa siku chache tu, nusu wa Kifaransa na nusu wa Kijerumani. Vilio vya Wafaransa vilipanda mwishoni, vya Wajerumani vilishuka, kama zinavyofanya sauti za watu wazima wa lugha hizo. Watoto hawakuwa wamefikisha hata wiki, na tayari walikuwa na lafudhi ya mama zao. Kwenye miezi sita au saba huanza kubwabwaja kwa silabi, ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da. Karibu na mwaka mmoja neno la kwanza hutoka. Kwenye miaka miwili wengi huunganisha maneno mawili, na mtoto wa Kiswahili atakwambia "taka maji" muda mrefu kabla hajaviweka sawa viambishi vyote vya kitenzi.

Wala kusikia peke yake hakutoshi. Mtoto anahitaji mtu. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa wakawakutanisha na wazungumzaji wa Kichina kwa vipindi 12. Waliochezewa na kusomewa na watu hai walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliowekewa watu walewale kwenye televisheni hawakujifunza. Nawaomba akina mama na dada wa kazi walitafakari hilo kila wanapomtuliza mtoto kwa simu wakiamini katuni zitamfundisha kuongea. Bibi anayechambua mchicha kibarazani huku akimuuliza mjukuu wa miezi minane, "Unasemaje mume wangu? Umeshiba?" na kungoja amjibu kwa mlio wowote, anafanya kazi ambayo hakuna skrini inayoiweza.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Mtoto asiyesikia hulia, hucheka, na katika miezi ya mwanzo hutoa sauti za koo kama watoto wengine wote. Hapo ndipo nyumba nzima hudanganyika. Kinachochelewa ni ile ba-ba-ba ya silabi kamili, ambayo watoto wanaosikia huwa nayo kabla ya mwaka. Mzazi akianza kushuku, wenye nyumba hupiga makofi nyuma ya mtoto au kuangusha mfuniko wa sufuria. Mtoto anageuka, na wote wanapumua. Lakini huenda amegeuka kwa sababu ameona kivuli, au sakafu imetikisika, au anasikia vishindo vizito tu na hasikii sauti nyembamba zinazobeba maneno. Mfuniko wa sufuria si kipimo.

Kipimo chenyewe ni cha kushangaza kwa urahisi wake. Mtoto anaweza kuwa amelala kifuani kwa mama yake. Mtaalamu anaingiza kizibo laini sikioni, mashine inapeleka milio midogo ndani, na sikio la ndani lililo zima hurudisha mwangwi hafifu ambao mashine inaunasa. Dakika chache, hakuna sindano, hakuna maumivu. Mwangwi usiporudi, anapelekwa kwenye vipimo vya undani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na mambo yanayozuilika. Wengi wa watoto hao wako nchi kama zetu, na sababu tunazijua kwa majina: homa ya uti wa mgongo, manjano makali, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, rubela kwa mama, masikio yanayotoa usaha yakaachwa, baadhi ya dawa kali za sindano. Hakuna hata moja iliyotoka juani.

Kuna na ndugu wa imani hii ya jua, nao ni ule ushauri wa subirini. Wa kiume huchelewa. Hata babu yake alichelewa na akaja kuwa mwalimu. Mpeleke akakatwe udata, au akatwe kimeo. Ni kweli kwamba wavulana huchelewa kidogo, kwa kiasi cha mwezi hivi, na kwamba wapo watoto wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao. Lakini huwezi kujua wako ni yupi bila kumpima. Kimeo hakihusiani na usemi, na kukikata kwa mganga kumewavujisha watoto damu. Udata hauwezi kueleza kwa nini mtoto haitiki akiitwa. Utafiti wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado, uliochapishwa 1998, ulionyesha kwamba watoto wasiosikia waliogunduliwa kabla ya miezi sita, wakaanza kusaidiwa mara moja, walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Miezi sita! Sisi kwenye miaka mitatu bado tunazungumzia miale.

Na kugunduliwa si hukumu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio, upasuaji ambao awali watoto wetu walipelekwa India kufanyiwa. Kuna vifaa vya kuvaa sikioni. Kuna lugha za alama, ambazo ni lugha kamili. Watoto wanaolelewa kwa lugha ya alama hubwabwaja kwa mikono katika umri uleule ambao wenzao hubwabwaja kwa mdomo. Ubongo haujali mlango gani lugha inaingilia, mradi mlango ufunguliwe mapema.

Kwa hiyo sina subira na wanaosambaza hadithi za dhoruba na ulimi. Kila mama anayeambiwa ni jua ameondolewa swali la kumuuliza daktari. Nyumbani anaachwa na hatia ya mimba iliyopita wakati mbaya, jambo ambalo hakulitenda na asingeweza kulizuia.

Serikali nayo ina deni hapa. Katika kliniki nyingi mtoto hupimwa uzito kila mwezi, mstari unachorwa kwenye kadi, chanjo zinahesabiwa, na sikio haliguswi. Kipimo nilichokieleza kingeanza kufanywa kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodi ya uzazi, na kwa lazima kwa watoto njiti, waliochelewa kulia na waliopata manjano. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya kupimwa usikivu, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kugeuza sikio la ndani kuwa mfupa kwa muda wa wiki chache, na baada ya hapo hata upandikizaji unakuwa mgumu. Na mzazi ambaye mtoto wake amefikisha mwaka bila ba-ba-ba wala ma-ma-ma, au alikuwa akiongea akaacha, asimngoje mtu. Aende wiki hii kwenye hospitali yenye kitengo cha masikio, pua na koo, na aseme wazi mlangoni kwamba amekuja kupimiwa mtoto usikivu.