Panya wa Maabara Ana Bahati

Niliacha kemia mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, kwa hivyo wenye digrii mnisamehe. Kusoma sikuacha. Na kila nikifungua utafiti kuhusu molekuli zinazong'aa ili kuonyesha ini linaharibiwa na dawa, nakutana na panya yuleyule. Amepewa paracetamol kupita kiasi. Ini lake linageuza dawa kuwa sumu iitwayo NAPQI, akiba ya glutathioni inaisha, peroksinitriti inaongezeka ndani ya seli. Molekuli aliyodungwa ikigusana na hiyo peroksinitriti, inawaka. Nyingine zimeundwa ziachilie tiba papo hapo. Ni maarifa matamu, sibishi.

Halafu mwishoni wanaandika kwamba huenda siku moja ikawafaa wagonjwa. Wagonjwa gani?

Kakangu alikunywa dawa za TB. Rifampicin, isoniazid, pyrazinamide: zote tatu zinajulikana kwa kuumiza ini. Dawa alipewa bure. Kipimo cha ini, kile cha kawaida cha damu kinachoitwa ALT, tukaambiwa tutafute maabara ya nje, tulipe. Hatukulipa. Mama ndiye aliyegundua, asubuhi moja akianika nguo: "Wewe, mbona macho yamekuwa manjano hivi?" Hicho ndicho kipimo tulichokuwa nacho.

Watafiti wanalalamika kwamba ALT inachelewa, manake hupanda seli zikiwa zishaumia. Ni kweli. Lakini kwetu hata hiyo iliyochelewa haijafika!

Rafiki yangu aliyebaki chuoni ananiambia nitulie, leo panya, kesho mtu. Ati kesho. Panya ni mwembamba, mwanga unapenya. Ini la mtu mzima liko nyuma ya mbavu na nyama, na mwanga hautoki hapo kirahisi. Wanaojenga hizi molekuli wanalijua hilo kuniliko. Basi waziunde ziwake ndani ya tone la damu au mkojo, mbele ya nesi, kwenye kliniki isiyo na kamera ya mamilioni. Na serikali inayogawa dawa bure igawe na kipimo bure, hiki hiki cha zamani, wakati tunangoja.

Kakangu alilazwa, dawa zikasimamishwa, kisha akarudishiwa moja moja. Kila mara ilibidi apimwe ALT, na kila mara tulilipa. Mama aliuza mbuzi wawili.