Gari Likichemka, Maji Peke Yake Si Dawa



Kila msimu wa miwa, ukitoka Kisumu kupitia Ahero na Awasi kwenda Muhoroni, hukosi kuona trekta au pikapu imesimama kando ya barabara, boneti wazi, mvuke watoka, na kijana ametumwa mtoni na debe. Maji humwagwa, injini huwashwa, safari huendelea. Mbele kidogo, gari lasimama tena. Maoni yangu ni haya: desturi hii ya kumwaga maji na kwenda zetu inatumalizia fedha nyingi kuliko bei ya spea tunayoikwepa.

Mtu akishikwa na homa hapa kwetu kando ya ziwa, hatumpozi kwa maji tukasema amepona. Twampeleka apimwe malaria, kwa maana homa ni dalili tu. Joto la injini nalo ni dalili.

Nasema hivi kwa kuwa nimelipa karo ya somo hili. Wakati mmoja nilipakia magunia ya mchele wa Ahero katika pikapu ya ndugu yangu kupeleka Kericho. Tulipofika Awasi sindano ya joto ilipanda; nikaongeza maji. Kipsitet ikapanda tena, nikaongeza. Kabla ya Kapsoit injini ilizimika, isiwake tena. Fundi alipofungua alikuta hedi imepinda na gasketi imeungua. Na chanzo? Mkanda wa feni, ambao ndio uliozungusha pampu ya maji pia, ulikuwa umelegea. Ilikuwa kazi ya spana na dakika chache. Mchele ulifika kesho yake kwa gari la kukodi, na faida yote ilibaki njiani.

Basi, sindano ikifika penye wekundu, simama mahali salama na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta! Maji yaliyobanwa humo huruka na kuunguza uso na mikono. Ngoja nusu saa au zaidi mpaka injini ipoe. Kisha shika kifuniko kwa kitambaa kizito, ukizungushe kidogo kwanza ili mvuke utoke. Wala usimimine maji baridi katika injini yenye moto, kwa maana chuma chaweza kupasuka.

Wakati unapongoja, tafuta chanzo kwa utaratibu huu.

Kwanza, tazama chini na kando ya injini. Je, kuna mpira uliopasuka, au pampu inayovuja? Maji hayapotei bure. Yana mahali yanapotokea.

Pili, shika mkanda wa feni. Je, umekatika, umelegea, au una mafuta? Kama feni ni ya umeme, angalia fyuzi yake.

Tatu, tazama uso wa rejeta. Makapi ya miwa, vumbi, na wale wadudu wadogo wa ziwa wanaoruka makundi kama moshi huziba njia ya hewa. Osha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukianzia upande wa injini, ili taka zitoke zilikoingilia.

Nne, kagua mpira wa kifuniko. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, na maji huchemka hapa kwenye digrii 96 hivi, si 100 kama Mombasa. Ukipanda mita 2,000 upande wa Kericho, huchemka kwenye digrii 93 hivi. Kifuniko kizuri hubana maji yasichemke upesi. Anayeziba rejeta kwa tambara ameondoa kinga hiyo.

Tano, themostati. Huu ni mlango mdogo unaozuia maji mpaka injini ipate joto lake, kisha hufunguka. Ikiwa injini inaungua lakini mpira unaoingia rejeta ni baridi, huenda mlango umekwama. Utie katika sufuria ya maji yanayokaribia kuchemka: ukikataa kufunguka, nunua mwingine. Wengi huung'oa na kuutupa wakidhani wamesaidia injini. Injini isiyopata joto lake hula mafuta zaidi na huchakaa mapema, na katika injini nyingine maji hupita njia ya mkato yasifike kwenye rejeta.

Ukiona oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, au mapovu yanatoka katika rejeta bila kukoma, usiendeshe tena. Mwite fundi.

Jambo la mwisho ni maji yenyewe. Maji ya Nyando yana udongo, na udongo huo hukaa katika mishipa myembamba ya rejeta. Kinga maji safi ya mvua kutoka bati, uyachanganye na kulanti kwa kipimo kilichoandikwa katika mkebe, upate kinga ya kutu.

Najua utasema, "Hiyo ni kazi ya dereva." Lakini dereva hulipwa hata gari likifa, hasara ni yako. Miwa iliyokatwa haingoji: kila siku inapolala, sukari yake hupungua. Kwa hiyo nashauri kila mwenye gari, na kila kikundi chenye trekta, kitenge dakika tano kila asubuhi injini ikiwa baridi: maji, oili, mkanda, mipira, uso wa rejeta. Andikeni katika daftari. Mkiona maji yamepungua siku mbili mfululizo, msiongeze tu. Ulizeni yamekwenda wapi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hedi ya injini, ndugu mkulima, ni ukuta wa bei kubwa.