Chuo cha Ngapi?

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita na kupata alama nzuri, alikuja kuniambia kwamba anataka kusomea upimaji ardhi katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Nilifurahi. Lakini kabla chai haijapoa, mgeni mmoja aliyekuwapo barazani, mtu mwenye shahada mbili na maneno mengi, alitoa simu yake, akafungua orodha ya vyuo vikuu bora duniani, akaipekua kwa kidole, kisha akasema: "Mwanangu, chuo chako hata sikioni humu. Kwa alama hizi unakwenda kujitupa?" Kijana aliinama. Kumjibu mkubwa si adabu. Nami niliyekuwa mwenyeji nilinyamaza kwa kumstahi mgeni. Kimya kile kimeniuma tangu siku ile, na haya ninayoyaandika ndiyo jibu nililopaswa kulitoa pale pale.

Nasema hivi: orodha hizo zinapima kitu, lakini kitu hicho si kile tunachokidai chuo kikuu kidogo cha umma, kinachoendeshwa kwa kodi ya mkulima na muuza samaki. Taifa linalongoja kuambiwa na watu wa mbali chuo chake kipi ni bora limeukimbia wajibu wake lenyewe.

Hebu tuzitazame orodha zenyewe. Ile ya Shanghai ilianza mwaka 2003. Walioianzisha walitaka kujua vyuo vya China vimeachwa umbali gani na vyuo vikubwa vya dunia, na kwa haja yao hiyo walifanya vyema. Asilimia 30 ya alama zake hutokana na Tuzo za Nobel na Medali za Fields walizopata walimu na wahitimu. Asilimia 20 nyingine hutokana na makala zilizotoka katika majarida mawili, Nature na Science. Ile ya Webometrics, iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004 na kupendwa sana na magazeti yetu, kwa miaka mingi ilitoa nusu ya alama kwa kuangalia jinsi tovuti nyingine zinavyoielekea tovuti ya chuo. Waliobuni kipimo hicho walisema wazi kwamba shabaha yao ilikuwa kuvihimiza vyuo viweke kazi zao mtandaoni. Sisi ndio tuliokigeuza kuwa hukumu. Hakuna kati yao aliyeingia darasani, wala aliyemwuliza mhitimu nyumba aliyoijenga ingali imesimama.

Sasa tukitazame chuo chenyewe. Ardhi ilianza mwaka 1956 ikiwa shule ndogo ya kufundisha wapima ardhi. Baadaye ikawa Chuo cha Ardhi, mwaka 1996 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili. Hufundisha upimaji, mipango miji, usanifu majengo, ukadiriaji majenzi, uthamini na mazingira. Hayo si masomo ya kuleta Nobel. Ni masomo ya kumwezesha mtu kujua mpaka wake uko wapi, maji ya mvua yapite wapi, na kiwanja chake kina thamani gani serikali inapokuja kukitwaa.

Mwaka 2011 wanafunzi wa chuo hicho waliingia Tandale, mtaa wa Dar es Salaam uliokua bila mpango, wakishirikiana na wakazi wenyewe. Walitembea na vifaa vya kupokea mawimbi ya setilaiti, wakachora vichochoro, visima, vyoo, mitaro na maduka. Desemba ya mwaka huo huo mafuriko yaliipiga Dar es Salaam, zaidi ya watu 40 wakafa, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Asiyejua maji yanapita wapi atawaonyaje watu? Kuanzia mwaka 2015, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia tena mitaani pamoja na wananchi, wakachora kata zinazofurika, na ramani zikawekwa wazi kwa kila mtu.

Nauliza: kazi hiyo ina alama ngapi Shanghai? Ramani iliyobandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa haina alama. Ripoti iliyoandikwa kwa Kiswahili ili mjumbe wa nyumba kumi aielewe haina alama. Lakini mwalimu yule yule akiandika kuhusu mtaro ule ule kwa Kiingereza, katika jarida ambalo mkazi wa Tandale hataliona maisha yake yote, hapo anahesabiwa. Mnaona hatari yake? Chuo kikianza kuifukuzia orodha, kitawatoa walimu wake matopeni na kuwaketisha mbele ya kompyuta.

Wala tusidhani kwamba namba hizo ni safi. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alionyesha kwamba takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilipeleka kwa watunga orodha wa Marekani hazikuwa sahihi. Columbia ilikuwa ya pili nchini humo. Mwaka huo huo ikashuka hadi ya 18. Je, walimu wake walipumbaa kwa miezi michache? La hasha. Kilichobadilika ni makaratasi.

Najua nitajibiwa kwamba asiyepimwa hulala. Ni kweli, na simtetei mvivu. Vyuo vyetu vina madarasa yaliyojaa kupita kiasi na vitabu vilivyochakaa, na miji yetu ingali inajengwa ovyo mbele ya macho ya wataalamu tuliowasomesha. Hayo yasemwe kwa sauti. Lakini tunayo Tume ya Vyuo Vikuu tangu mwaka 2005, ambayo kazi yake ni kutoa ithibati na kukagua walimu, mitaala na vifaa. Taarifa za ukaguzi wa namna hiyo ndizo zingepaswa kuwa kwenye kurasa za mbele za magazeti, si orodha za watu wasioijua Tandale. Na kila chuo cha umma kiwajibu wananchi kila mwaka, kwa Kiswahili: wahitimu wako wako wapi? Umefundisha watoto wangapi wa maskini? Ni tatizo gani la nchi hii umelipunguza? Chuo kitakachoshindwa kujibu, hicho ndicho cha mwisho, hata kama Shanghai imekiweka juu.

Mpwa wangu aliomba chuo kile kile alichokitaka. Mgeni wangu akirudi nitamkaribisha chai kama kawaida, ila safari hii sitanyamaza. Akiniuliza chuo cha mtoto ni cha ngapi, nitamwuliza: cha ngapi kwa nani?