Beringi Haina Kosa

Ndugu wanachama, katika mikutano ya matawi yetu huku Dodoma hakuna neno linalotajwa mara nyingi kama maji, wala hakuna kitu kinachochangiwa fedha upesi kuliko mashine ya maji. Hilo ni jema. Lakini iko tabia moja ambayo yatupasa kuiacha. Mashine ikinyamaza twasema "beringi imekufa", bakuli lapitishwa, beringi yanunuliwa, na baada ya miezi michache bakuli lapita tena. Hakuna aulizaye beringi ilikufa kwa ugonjwa gani.

Mimi nasema mara nyingi beringi haina kosa. Injini ya dizeli imekaa hapa, pampu imekaa pale, na shafti zao zimeungwa kwa kaplingi. Shafti hizo zisipokuwa katika mstari mmoja, kila mzunguko huvutana, na injini hizi huweza kuzunguka mara 1,500 kwa dakika moja. Mvutano huo hubebwa na beringi. Hupata joto, grisi huyeyuka, gololi hutafunika, na pampu huanza kuvuja shingoni. Kutia beringi mpya katika upotovu ule ule ni kumpeleka mtu mzima kwenye kazi iliyomuua mwenzake.

Tuwatazame wenzetu wa maziwa. Shafti ya chombo hutoka kwenye injini hadi kwenye rafadha, na fundi mzuri hapimi mara ya mwisho chombo kikiwa nchi kavu. Hukishusha majini kitulie kwanza, maana bodi hujipinda kikielea. Kisha hufungua kaplingi, huzileta nyuso zake mbili karibu, na kutia fila juu, chini, kulia na kushoto. Kanuni yao ni kwamba tofauti isizidi sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi ya upana wa kaplingi. Kaplingi ya inchi 4 basi yaruhusiwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya daftari! Fikirini meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaondolewa injini za mvuke na kutiwa za dizeli miaka ya 1970. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa kukodoa jicho.

Sisi hatuna mawimbi, lakini udongo wetu wa mbugani hupasuka kiangazi na kuvimba kifuku, na msingi uliojengwa juu yake hucheza. Tena zege hufungwa bolti kabla halijakomaa, kwa kuwa mgeni wa heshima anakuja Jumamosi kufungua mradi. (Nimeliona hilo kwa macho yangu, na kijiji sikitaji.) Halafu bomba lililokatwa fupi huvutwa kwa nguvu mpaka lifike, nalo huipinda pampu. Kwa hiyo kupima mara moja hakutoshi. Pimeni kabla ya kukaza bolti, mpime baada ya kukaza, mpime bomba likishaungwa. Mguu mmoja wa injini ukining'inia, utieni kipande cha bati chini yake. Mkikaza bolti ukiwa hewani mnaipinda injini nzima.

Na beringi yenyewe isigongwe ovyo. Ikiingia kwenye shafti, isukumwe pete ya ndani kwa kipande cha bomba. Ikiingia kwenye nyumba yake, isukumwe pete ya nje. Kinyume cha hapo pigo hupita katika gololi, na beringi huanza kazi ikiwa na majeraha. Vyombo vingi vya majini, na pampu za visima virefu zenye shafti ndefu, zina beringi za mpira ambazo mafuta yake ni maji. Anayeziendesha kavu "asikie mlio tu" ameziunguza.

Mji wa Dodoma, ulioamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, umeishi miaka mingi kwa maji ya visima vya Makutupora. Utafiti uliotangazwa mwaka 2013, kwa kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji hayo, ulionyesha kwamba hayajazwi sawasawa kila mwaka, bali zaidi katika vifuku vichache vyenye mvua nzito. Maji yajayo kwa nadra namna hiyo yanalala chini, na mama amebeba ndoo kichwani kwa sababu ya kaplingi iliyokwenda upande!

Wako wasemao haya ni mambo ya mainjinia. Mimi ni mwalimu kwa mafunzo, nami nasema mtoto anayesoma rula aweza kufundishwa kusoma fila. Kamati isimlipe fundi salio lake mpaka apime mbele ya wajumbe, na akina mama wawepo, maana wao ndio wanaolipa kwa miguu. Fila si kifaa cha bei kubwa, nacho chaenea mfukoni. Vijana wetu waliotoka Jeshi la Kujenga Taifa na wakashika spana huko wapewe kazi hiyo kila mwezi.

Basi kila kamati yenye mashine ya dizeli inunue fila na daftari kabla ya kikao kijacho. Ukurasa wa kwanza uandikwe tarehe, vipimo vinne, na jina la aliyepima.