Maumivu Yasiyo na Kidonda



Mtu akikatwa mguu na gari la moshi hakuna anayemwuliza kama anaumwa kweli. Mguu haupo, sote twaona. Lakini mwenye uso mzima, asiye na kovu wala uvimbe, ambaye hushika shavu ghafula na kutoka machozi mbele ya wenzake, huyo sisi wenyewe twamcheka. Twasema ni jino tu, ama ni pombe ya jana, ama amechoka na kazi. Twaandika haya kwa sababu jambo hili limetushinda sisi wa chama sawasawa na lilivyowashinda matajiri.

Mwenzetu mmoja alifanya kazi ya gengi la njia miaka mingi. Akaanza kupata maumivu upande wa kulia wa uso, kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Huja, hupita kwa nusu dakika, kisha hurudi. Akinawa uso, yaja. Upepo wa asubuhi ukimpiga akiwa juu ya toroli, yaja. Akitafuna, akinyoa ndevu, hata akisema tu, yaja. Aling'olewa meno 3 mazima na maumivu yakabaki palepale. Mwishowe daktari wa mishipa ya fahamu akampa jina la ugonjwa: neuralijia ya trijemini.

Kila upande wa uso una mshipa wa fahamu, ambao ni wa tano katika ile itokayo kwenye ubongo. Una matawi 3: la paji na jicho, la shavu na taya la juu, na la taya la chini. Mara nyingi mshipa wa damu hulalia shina lake na kulisugua mpaka ganda lake likalika, kama waya uliochubuka mpira. Ndipo hata kuguswa na upepo huwa moto. Dawa za kawaida za maumivu hazifai kitu hapa. Ya kwanza kutumiwa na madaktari ni kabamazepini, iliyoanza kutumiwa kwa ugonjwa huu mwaka wa 1962. Ni dawa ya kifafa pia, na mwenzetu aliificha kwa sababu hiyo, asije akaitwa mwenye kifafa. Huwasaidia wengi, lakini yaweza kuleta usingizi na kizunguzungu. Sasa fikirini dereva wa gari la moshi, au mwenye kupokea simu za treni stesheni. Asipoimeza hawezi kusema. Akiimeza, ni hatari kumwachia roho za abiria.

Siku zake za ugonjwa zikaisha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yatoa si chini ya siku 7 za mshahara mzima na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka, kwa cheti cha daktari. Ugonjwa huu hukaa miaka! Siku 14 ni nini?

Akaitwa ofisini. Karani akamwekea karatasi mezani akamwuliza kama ana neno. Siku hiyo maumivu yalikuwa yamempanda, naye alijua akifungua mdomo yatamwangusha. Akanyamaza. Kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa kukubali, akaonyeshwa pa kutia sahihi, naye akatia ili aondoke. Karatasi ile ilikuwa barua ya kuacha kazi kwa hiari yake mwenyewe.

Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo chasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu mwili wake hauwezi, tajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama humo ndani. Mjumbe wetu alikuwa barazani akizungumza habari za mpira. Hakuitwa, ni kweli. Lakini alimwona mwenzake akiingia amejifunga shavu kwa kitambaa, wala hakuinuka. Mtu asiyeweza kusema ndiye hasa mwenye haja ya kusemewa.

Msidhani ni karatasi tu. Aliyeachishwa kwa ugonjwa ana njia ya kudai. NSSF ina malipo kwa mwanachama ambaye mwili wake umeshindwa kazi kabisa na kwa kudumu, daktari akithibitisha, na mifuko mingi ya pensheni ya kazini ina kanuni ya kustaafu kwa ugonjwa. Aliyeacha kwa hiari ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba aliondoka na nguvu zake.

Wengine hukimbilia WIBA. Ile ni ya ajali za kazini na magonjwa yaletwayo na kazi. Kama chuma kilikupiga usoni kazini na mshipa ukaumia, hapo sawa: mpe tajiri habari upesi, naye apeleke ripoti kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7, na dai liingizwe kabla ya miezi 12 kupita. Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya asilimia. Lakini kama mshipa wako wa damu ndio ulioleta taabu, huko hakuna mlango, na anayekuambia upo anatafuta ada yako.

Matajiri husema wako wavivu wanaojifanya wagonjwa. Si uongo wote. Kwa hiyo cheti kinachosema "anaumwa uso" hakitoshi. Daktari aandike jina la ugonjwa, ulianza lini, dawa zipi zimejaribiwa, na kazi gani mtu huyu hawezi kufanya. Mgonjwa naye awe na daftari: tarehe, saa, yamekuja mara ngapi, alikuwa akifanya nini. Katiba ya 2010, kifungu cha 260, inapoeleza ulemavu yataja hata ugonjwa unaomzuia mtu sana, au kwa muda mrefu, kufanya mambo ya kila siku. Kunawa, kula na kusema si mambo ya kila siku?

Tena wengi wao hawataki kuacha kazi. Mwenzetu aliomba stoo, mahali pasipo upepo, hakujibiwa. Maoni yetu ni kwamba mkataba ujao wa chama na matajiri uwe na nusu mshahara wa miezi kadhaa kwa ugonjwa mrefu, na kazi nyepesi ijaribiwe kwanza kabla ya mtu kupelekwa mbele ya madaktari wa kuamua.

Alitujia mwezi wa tano. Miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi ilikuwa imepita, lakini mahakama ya kazi hupokea kesi ndani ya miaka 3, na katibu wa tawi ameanza kuandika. Twahitaji mashahidi. Yeyote aliyekuwa barazani asubuhi ile, akamwona amejifunga kitambaa, aje kwa katibu aandikishe alichokiona. Mjumbe wetu amekwisha kuandikisha chake.