Hesabu ya Taifa na Hesabu ya Mtaani

Ndugu msomaji, kuanzia Mei 2020, kwa zaidi ya mwaka mmoja, hesabu ya taifa ya wagonjwa wa korona ilisimama kwenye 509, na vifo 21. Mwanzoni mwa 2021 nilikuwa Lushoto nikimwuguza shangazi yangu. Majirani hawakulitaja jina la ugonjwa. Walisema tu "changamoto ya upumuaji", wakatuletea mchaichai na majani ya mkaratusi ya kujifukizia. Wazee walioikumbuka tauni iliyozuka wilayani mwaka 1980 hawakungoja tangazo: waliagiza kila nyumba iweke ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na wageni wasiingie chumbani mwa mgonjwa. Shangazi alipona, jirani yetu tulimzika. Yeye hayumo katika wale 21. Basi, ndugu, usingoje hesabu itangazwe ndipo umfikishe mgonjwa wako zahanati.